Ua la Kitulo na Kiazi Chake cha Pili

Msafiri atokaye Mbeya kwa barabara kuu iendayo Makambako, akifika Chimala akaiacha lami na kugeuza uso kusini, hukabiliwa na ukuta wa mlima ambao kwa mbali hauonyeshi dalili yoyote ya kuwa gari laweza kuupanda. Njia, hata hivyo, ipo, nayo imechongwa ubavuni mwa mlima kwa mizunguko mingi hata wenyeji wakaiita kwa hesabu ya kona zake, Hamsini na Saba. Na kila kona ipitwapo joto la bonde la Usangu hupungua, harufu ya vumbi hugeuka kuwa harufu ya majani mabichi, na koti lililokuwa mzigo kule chini huanza kuonekana kuwa lilifungashwa kwa busara. Juu ya ukuta huo, mbele ya Matamba, ndipo ulipotandazwa Uwanda wa Kitulo, sehemu yake kubwa ikiwa katika wilaya ya Makete, kwenye kimo cha wastani cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Mtorwi na Chaluhangi vikiupita kimo hicho kwa mita mia tatu na zaidi.

Watu wa nchi hiyo wameuita uwanda huu Bustani ya Mungu, na aliyeuona katika miezi ya mvua hatawashutumu kwa kutia chumvi. Katika Juni na Julai, baridi inapokuwa kali hata umande ukaganda usiku, majani ya uwanda huwa rangi ya ngozi ya simba, na mgeni asiyejua angeapa kuwa hapana kitu kinachoishi chini yake ila panya na fuko. Hubadilika hali hiyo mvua za Novemba zinapoloweka udongo mweusi uliotokana na majivu ya volkano za kale. Na tangu hapo hadi Aprili maua hutokea kwa zamu, aina hii ikiipisha ile, manjano yakitangulia mahali na samawati mahali pengine, na hapa na pale wekundu wa kukoleza ambao jicho huuona kabla halijaona umbo. Wataalamu wa mimea wamehesabu katika uwanda huu aina zipatazo 350 za mimea, na miongoni mwa hizo aina 45 hivi ni okidi. Na habari za okidi hizo, hasa za sehemu yao ambayo mtazamaji haioni kamwe, ndizo zilizonishawishi kuandika.

Jina la okidi aghalabu huleta katika fikra za mtu wa mjini chungu cha plastiki kilichowekwa juu ya meza ya mapokezi ya hoteli, na ndani yake shina lililoinama kwa maua makubwa ya waridi yasiyo na harufu. Okidi hiyo asili yake ni misitu ya Asia, ambako huishi juu ya miti na mizizi yake kuning'inia hewani. Zetu za Kitulo ni za tabia nyingine kabisa. Hizo ni za ardhini, huota katikati ya majani kama yalivyo majani yenyewe, hazipandi mti wala jabali, na mtu aweza kupita hatua tatu kando ya okidi adimu akiwa na shughuli zake asiione, ikiwa mmea haujafikia wiki zake chache za kuchanua.

Zipo jamaa kadhaa za okidi katika uwanda huo, na ukurasa huu hautoshi kuzieleza zote, wala subira ya msomaji; mbili zatosha. Ya kwanza ni ile ambayo wanasayansi huiita Satyrium. Hii husimamisha shina moja nene lililobeba maua madogo mengi yaliyosongamana, kila ua likiwa na kofia iliyoinuka, na nyuma ya kofia hiyo zikining'inia pembe mbili nyembamba zilizo wazi kwa ndani, ambazo ndizo ghala za mbochi. Pembe hizo mbili ndizo alama isiyokosewa ya jamaa hii, na mdudu au ndege atakaye kuufikia utamu huo hana budi kuwa na ulimi wa kadiri ya urefu wa pembe. Ya pili ni Disa, jamaa ambayo wingi wake uko kusini kabisa, katika milima ya Rasi ya Afrika Kusini, lakini imepanda kaskazini kwa kufuata vilele vya milima, kama baharia afuataye visiwa, hata ikafika kwetu. Disa za Kitulo zina kofia pia, ila kofia yake imeumbwa kwa sepali ya juu, ilhali ile ya Satyrium ni mdomo wa ua uliopinduka. Na baadhi yake, kama Disa ornithantha, zina wekundu mkali ambao katikati ya majani mabichi hauwezi kufichika.

Ajabu ya ua la okidi, kwa yeyote apendaye kuchungua namna viumbe vilivyotengenezwa, imo katika kuunganishwa kwa sehemu za kiume na za kike kuwa nguzo moja, na katika chavua yake, ambayo haitawanyiki kama unga wa mahindi bali hufungwa pamoja katika vifurushi viwili vyenye ncha ya ulimbo. Mdudu aingizapo kichwa kutafuta mbochi hutoka na kifurushi kimegandamana naye, akakipeleka ua jingine pasipo kujua wala kuombwa. Kila kitu kimewekwa kwa hesabu ya mgeni mmoja makhsusi, na mgeni huyo asipokuja mwaka huo, basi mwaka huo hapana mbegu.

Mmea huu hauna pupa, hata hivyo, na sababu ya kutokuwa na pupa ndiyo kiini cha habari hii. Okidi za Kitulo ni mimea ya kudumu, lakini haidumu namna mti unavyodumu, kwa kuzidisha kila mwaka pete moja juu ya ile ya jana, maana kila kionekanacho juu ya ardhi, shina na majani na ua, hufa kabisa mvua zikikatika na kurejea kuwa udongo. Kinachodumu kimo chini. Lau mtu angeuchimbua mmea mmoja ulio katika maua (na ni heri asiuchimbue, ayaamini maneno), angekuta chini ya shina viazi viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, vya ukubwa wa kidole gumba au kuzidi kidogo. Kimoja kimesinyaa, kimelegea na rangi yake imeingia weusi: hicho ndicho kilichowekwa akiba mwaka uliopita, na sasa kinatoa chote kilichokuwa nacho ili kulisha shina na ua. Cha pili kimekaza, kimejaa, na ngozi yake ni safi. Hiki kinajazwa mwaka huu huu, kwa kazi ya majani ya mwaka huu, nacho hakina shughuli yoyote na ua linaloonekana. Chumba chake kimeandaliwa kwa ajili ya mwaka ujao, na ndani ya ncha yake limelala chipukizi ambalo halitaamka ila kwa mvua za Novemba nyingine.

Kwa hiyo mmea huu, kila mwaka, hufa na kujirithi wenyewe, na mrithi hukaa kando ya marehemu akingoja zamu yake. Kwa namna hiyo okidi moja yaweza kuendelea kwa miaka mingi mahali pamoja, ikihama kwa upana wa kiazi kimoja tu baina ya msimu na msimu. Moto wa nyika upitao Agosti hauidhuru, kwa kuwa joto halizami kufikia kiazi; baridi haiidhuru; kwato za ng'ombe huidhuru kidogo. Mwaka usio na mdudu huwa ni hasara ya mbegu, si hasara ya uhai. Kwa muda wote ambao milima hiyo imekuwapo na mimea hiyo juu yake, hesabu hiyo ya viazi viwili ilitosha.

Haikutosha, hata hivyo, siku ile kiazi cha pili kilipopata bei.

Kaskazini ya Zambia, miongoni mwa Wabemba na jirani zao, kuna chakula kiitwacho chikanda, ambacho wengine hukiita kinaka. Hupikwa kwa viazi vya okidi vilivyooshwa, kukaushwa na kutwangwa hata vikawa unga; unga huo huchanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi na pilipili, ukamiminwa katika maji yanayochemka pamoja na magadi kidogo, na kusongwa mpaka ukawa mzito. Kisha sufuria hufunikwa na makaa yakawekwa juu ya kifuniko, moto ukawa chini na juu, mpaka kitu hicho kimeshikana na kuwa keki ya rangi ya kahawia, ya kunepa, inayokatwa vipande kwa kisu. Aliyekula husema kwamba mtu angeweza kudanganywa akadhani anakula nyama ya kusaga iliyopikwa kwa ustadi, hali haina hata punje ya nyama. Nasema haya kwa kuwa nimesoma maandishi ya watetezi wa mimea ambamo chikanda kimetajwa kwa sauti ya dharau, kana kwamba ni ulafi wa watu wasiojali. Nami sioni haki katika sauti hiyo. Ni mapishi ya watu waungwana, yenye utaratibu wake na mahali pake katika karamu, na yule mwanamke aliyevumbua kwamba kiazi kidogo cha nyikani kina utomvu wa kuishikamanisha karanga bila ngano wala yai alikuwa mtu wa akili nyingi.

Madhara hayakuletwa na mapishi. Yaliletwa na miji. Maadamu chikanda kilikuwa chakula cha vijiji vya kaskazini, mwenye kukila alikuwa mwenye kukichimba, naye alijua ni bonde lipi limechoka na lipi lipumzishwe. Watu walipohamia Lusaka na miji ya machimbo ya shaba walihama na hamu zao, kama watu wote wahamapo, na kile kilichokuwa cha kijiji kikawa bidhaa ya soko, kikauzwa vipande vipande njiani, sokoni na katika vituo vya mabasi. Nyika za Zambia zilizokuwa karibu zikaisha viazi. Wanunuzi wakatazama ng'ambo ya mpaka, wakaona milima ya Tanzania, ambako sehemu kubwa ya watu haikuwa na desturi ya kukila kitu hicho, na ambako kwa ajili hiyo ardhi ilikuwa bado imejaa.

Njia ilikuwa tayari. Reli ya TAZARA na barabara kuu ya Zambia zote zapita chini ya milima hiyo na kukutana na mpaka Tunduma. Na kijana wa Makete aliyekuwa hana kazi baina ya kupanda viazi mviringo na kuvivuna alikuja kuambiwa na mgeni kwamba kile kitu kisicho na faida kinachoota malishoni kinanunuliwa kwa debe, fedha taslimu, bila mbolea, bila shamba na bila kungoja. Nani angekataa? Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba baina ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vya okidi vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Nyanda za Juu za Kusini kwenda Zambia, na kwamba aina zipatazo 85 za okidi zilikuwa zimetiwa hatarini na biashara hiyo.

Na sasa tukirudi kwenye vile viazi viwili, hesabu inajieleza yenyewe. Mchimbaji hawezi kuuona mmea ila wakati umetoa majani na ua, kwa hiyo huchimba katika miezi ile ile ya maua. Akichimba, kiazi kilichosinyaa hakimfai, kwa sababu hakina tena unga. Atwaacho ni cha pili, kile kilichokaza. Kile alichokiacha shimoni ni marehemu, na alichokitia mfukoni ni mrithi. Wala haichaguliwi okidi iliyodhoofu, kwani lile shina refu lenye maua mengi ndilo lionekanalo kwa mbali na ndilo lenye kiazi kinono. Basi mimea bora, ambayo ingetoa mbegu nyingi, ndiyo inayotangulia kwisha. Kwa vile kila mmea hutoa kiazi kimoja tu cha kufaa, debe moja ni kaburi la mimea mingi sana.

Mtu aweza kuuliza kama mbegu haziwezi kuziba pengo. Hapa maumbile ya okidi, ambayo katika mambo mengine ni ya ukarimu, yamekuwa na masharti magumu. Tumba moja la okidi hubeba mbegu kwa maelfu, nyepesi kama vumbi, na upepo wa uwandani huzichukua mbali. Lakini wepesi huo umenunuliwa kwa kuacha akiba yote nyumbani. Punje ya mahindi ina chakula chake ndani yake, na kunde vilevile; mbegu ya okidi haina kitu. Ikiangukia udongoni haiwezi kuota mpaka imekutana na kuvu fulani ya udongo huo, ambayo nyuzi zake huingia ndani ya mbegu na kuilisha tangu mwanzo, na pasipo kukutana huko mbegu hufa. Hata ikibahatika, hupita miaka kadhaa mmea mchanga ukiwa mdogo usiotambulika kabla haujaweka kiazi cha kuweza kusimamisha ua. Kiazi kimoja hung'olewa kwa pigo moja la jembe. Kukirudisha kwataka kuvu, mdudu, upepo, mvua za misimu kadhaa, na bahati.

Naomba niingize hapa habari ambayo huenda ikaonekana kuwa nje ya njia. Okidi za milima hii zilianza kuandikwa na Wazungu mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1877 alipita uwandani James Frederic Elton, Mwingereza aliyekuwa ametumikia Unguja chini ya Balozi John Kirk na kutembea pwani ya kusini kuchunguza misafara ya watumwa. Alitoka upande wa Ziwa Nyasa, akavuka, akafa Ugogo kabla mwaka haujaisha, na ramani za kikoloni zikauita uwanda kwa jina lake, japokuwa Wakinga, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa na jina lao tangu zamani. Huyo hakuwa mtaalamu wa mimea. Aliyekuwa na bidii hiyo ni Adolf Stolz, mmisionari wa Kimoravian wa Kyimbila, karibu na Rungwe, ambaye katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikusanya mimea kwa maelfu, akaikausha na kuipeleka Ulaya. Okidi zake zilifika Berlin mikononi mwa Rudolf Schlechter, bingwa wa okidi wa zama zake, naye mwaka 1915 akachapisha maelezo yake, na jamaa moja ya okidi ndogo za mitini akaipa jina la Stolzia kwa heshima ya mmisionari huyo. Kisha, usiku mmoja wa Machi 1943, mabomu yaliangukia nyumba ya mimea mikavu ya Berlin-Dahlem, na makusanyo ya Schlechter yakateketea. Kama nakala nyingine za mimea ya Stolz zisingalikuwa zimegawiwa mapema kwenye nyumba za mimea za miji mingine, tungekuwa na majina ya maua ya milima yetu pasipo ua lenyewe la kulithibitisha jina. Nimeitaja habari hii kwa sababu watu hudhani kwamba kitu kilichohifadhiwa kwenye karatasi mahali pa mbali kimepata salama kuliko kilichoachwa mlimani.

Serikali ya Tanzania haikukaa kimya. Mwaka 2002 ilitangaza nia ya kuufanya uwanda huu hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ikatangazwa rasmi, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Katika nchi ambayo neno hifadhi limefungamana na tembo, simba na magari yaliyo wazi juu, jambo hilo lahitaji kutazamwa kwa heshima. Kwani mtu aliyesema mbele ya baraza kwamba fedha za umma zitumike kulinda majani alihitaji moyo kuliko aliyesema zitumike kulinda faru. Faida ya hifadhi haikuwa ya okidi peke yake. Mbayuwayu wa buluu, ambaye ni adimu katika Afrika nzima, huja kuzaa katika nyasi hizo wakati wa mvua na baadaye huhamia upande wa Ziwa Viktoria. Tandawala hutembea humo kwa mwendo wake wa kiungwana. Katika msitu wa Livingstone ulio pembeni anaishi kipunji, kima ambaye sayansi ilimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Na vijito vinavyoanzia milima hii hulisha Ruaha Mkuu, mto ambao umeme wa Mtera na Kidatu unautegemea.

Lakini hifadhi ina mpaka, na okidi haziusomi. Nje ya mstari, katika milima ya Makete, Njombe, Rungwe na Sumbawanga, yako malisho mengi ambayo hayana mlinzi, na kadiri uwanda unavyolindwa ndivyo mchimbaji anavyosogea kwingine. Fauka ya hayo liko jembe. Viazi mviringo vya Makete ni maarufu katika masoko yote ya nchi, na pareto, lile ua jeupe lililotoka Dalmatia na kuletwa kwetu kwa ajili ya sumu yake ya kuua wadudu, limewasomesha watoto wengi wa milimani. Sioni kosa la mkulima katika hili; ila naona kichekesho, kwamba mlima mmoja umejaaliwa maua ya asili ya kutosha kuitwa bustani ya Mwenyezi Mungu, na ua pekee linaloingia katika daftari la ushirika ni la kigeni.

Wako wanaoona kwamba dawa ni kukataza chakula. Hao nawaomba watazame Uturuki. Huko viazi vya okidi za nyikani husagwa na kupikwa na maziwa kuwa kinywaji kizito cha moto cha wakati wa baridi, kinachojulikana pia katika nchi za Kiarabu kwa jina la sahlabu, na hapo kale kilinywewa hata katika vibanda vya London. Waturuki walizuia kuuza unga huo nje ya nchi, na kilichofuata ni kwamba wafanyabiashara waliwaendea wachimbaji wa nchi jirani, Iran mojawapo, na okidi za huko zikaanza kuonja yaliyozipata zile za kwanza. Ni mwendo ule ule wa Zambia na Tanzania, na umetokea bila Waturuki na Wabemba kujuana. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, uliofikiwa Washington mwaka 1973, umeziweka okidi zote chini ya uangalizi, hata gunia lolote livukalo mpaka latakiwa liwe na kibali. Askari wa forodha, hata hivyo, asiyepata kuona okidi maishani mwake, ataijuaje katika gunia la viazi vilivyokauka vikawa kama mawe madogo ya kahawia? Watafiti wa vinasaba wamechunguza viazi vya sokoni na chikanda kilichokwisha kupikwa, wakafaulu kutaja aina zilizomo, baadhi zikiwa ambazo hazikutazamiwa kabisa. Lakini maabara haiwezi kuwekwa mlangoni Tunduma.

Lililobaki ni kulima, na jambo hili limeanza kujaribiwa. Inawezekana kuchukua mbegu ya okidi, kuiweka katika chupa pamoja na kuvu yake, na kuiona ikiota; wataalamu wameweza. Kigumu ni kuitoa chupani na kuipeleka shambani kwa mtu ambaye kiazi mviringo humlipa baada ya miezi mitatu au minne, na kumwambia angoje miaka kadhaa ndipo avune debe lake la kwanza, huku jirani yake akipanda mlimani kwa jembe na kurudi jioni na debe hilo hilo bure. Mradi ule wa bure ungalipo, hapana mkulima mwenye akili timamu atakayeuchukua huu wa kungoja.

Kwa hiyo mimi ni wa rai kwamba fedha kidogo zilizopo zisitumiwe kwanza mpakani wala katika chupa, bali zitumiwe kuwaajiri vijana wa vijiji vya Makete katika miezi ile michache ya maua, hasa Februari na Machi, watembee malishoni ya nje ya hifadhi kama walinzi wa halmashauri zao wenyewe, walipwe mshahara usiopungua kile ambacho mnunuzi wa debe angewalipa. Ni wao wanaojua okidi zinaota wapi, kwa sababu ni wao waliozichimba. Ujuzi huo hauko Dodoma wala hauko katika bustani ya mimea ya Kew kule London, na kwa sasa anayeulipia ni mchuuzi peke yake.